Chembe nyeupe za damu humezaje vimelea, na kwa nini wakati mwingine hushindwa?

Ukipima damu hospitali, kwenye karatasi ya majibu huwa kuna mstari ulioandikwa WBC. Wengi huuruka. Wanachotaka kujua ni kama malaria imeonekana au la.

Mstari huo ndio unaoonyesha idadi ya askari walioko kwenye damu yako. Hizo ni chembe nyeupe za damu, na baadhi yake zina silaha moja ya kushangaza: zinakula. Zinamfuata adui, zinamzunguka, zinammeza mzimamzima, kisha zinamsaga ndani kwa ndani.

Sasa swali linakuja. Kama mwili una walaji wa namna hii, kwa nini malaria bado inaua?

Takwimu za Shirika la Afya Duniani (WHO) zinaonyesha kuwa mwaka 2023 kulikuwa na wagonjwa wa malaria takriban milioni 263 na vifo 597,000 duniani. Asilimia 95 ya vifo hivyo vilitokea katika kanda ya Afrika, na karibu robo tatu ya waliofariki katika kanda hiyo ni watoto wa chini ya miaka mitano.

Jibu fupi ni hili: ili chembe nyeupe imalize kimelea, lazima ifanikiwe mambo manne. Imfikie adui, imtambue, immeze, na imsage. Akiponyoka hatua moja tu, kazi yote imeharibika. Na vimelea vinavyosumbua watu wengi ni vile vilivyopata mbinu ya kuponyoka.

Walaji wenyewe ni akina nani?

Mtu mzima mwenye afya huwa na chembe nyeupe kati ya 4,000 na 11,000 katika maikrolita moja ya damu, yaani kijitone kinacholingana na kichwa cha pini hivi. Ziko za aina kadhaa, lakini kwenye vita na vimelea kuna tatu za kuzijua.

Neutrofili. Hizi ndizo nyingi zaidi, mara nyingi zaidi ya nusu ya chembe nyeupe zote. Ndizo hufika kwanza penye tatizo. Haziishi muda mrefu, ndiyo maana uboho wa mifupa hutengeneza takriban bilioni 100 kila siku.

Makrofaji. Jina lake la Kigiriki maana yake ni "mla mkubwa", na kweli linaifaa. Baadhi huanza zikiwa kwenye damu kwa jina la monositi, kisha huingia kwenye nyama za mwili na kuweka makazi: kwenye ini, mapafu, wengu na kwingineko. Makrofaji ikishiba haifi papo hapo. Inaendelea na kazi.

Eosinofili. Ni chache, kawaida asilimia 1 hadi 5 tu. Utaalamu wake mkubwa ni minyoo.

Jambo moja la kutoa hofu hapa: watu wengi wenye asili ya Afrika huwa na neutrofili chache kidogo kuliko watu wa Ulaya, na si ugonjwa. Sababu ni tofauti ya kurithi inayoitwa Duffy. Tofauti hiyohiyo hufanya iwe vigumu kwa aina moja ya malaria, Plasmodium vivax, kuingia kwenye chembe nyekundu za damu.

Iligunduliwa kwa mwiba

Mwaka 1882, mwanasayansi Elie Metchnikoff, mzaliwa wa eneo ambalo leo ni Ukraine, alikuwa Messina, kwenye kisiwa cha Sicily nchini Italia. Alikuwa akichunguza watoto wa kiti cha pweza, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota. Watoto hao miili yao inaangaza kama kioo, kwa hiyo mtu anaweza kuona yanayoendelea ndani.

Alimchoma mmoja kwa mwiba mdogo. Kesho yake akakuta chembe zimejaa kuuzunguka ule mwiba, kana kwamba zinataka kuula. Hapo ndipo alipopata wazo kwamba mwili una chembe ambazo kazi yake ni kumeza wavamizi.

Wengi walimpinga. Kundi jingine la wanasayansi liliamini kuwa kinga iko kwenye maji ya damu, si kwenye chembe. Mwaka 1908 Tuzo ya Nobel ya tiba ilitolewa kwa watu wawili pamoja: Metchnikoff na Mjerumani Paul Ehrlich, ambaye alikuwa upande wa maji ya damu. Baadaye ilibainika kuwa wote walikuwa na hoja. Vitu vilivyomo kwenye maji ya damu humwekea adui alama, na chembe humla aliyewekewa alama.

Hatua nne za kumaliza kimelea

1. Kufika. Mwili ukiumizwa au ukivamiwa, hutoa kemikali ambazo ni kama harufu ya chakula. Chembe nyeupe hunusa, hujibana kwenye ukuta wa mshipa wa damu, hupenya nje na kufuata harufu mpaka ilipotoka.

2. Kutambua. Chembe haili hovyo, la sivyo ingekula na mwili wenyewe. Inatafuta alama. Alama nzuri kuliko zote ni kingamwili, yaani protini zenye umbo la herufi Y zinazoganda juu ya adui. Upande mmoja hushika kimelea, upande wa pili hushikwa na chembe nyeupe. Ni kama mpini wa kumkamatia.

3. Kumeza. Ngozi ya chembe hunyooka kama mikono miwili, humkumbatia kimelea pande zote, kisha mikono inakutana. Kimelea kinajikuta ndani ya kifuko kilichofungwa.

4. Kusaga. Vifuko vingine vyenye vimeng'enya vya kuyeyusha huja kuungana na kile chenye kimelea. Ndani kunakuwa na asidi. Wakati huohuo chembe hutengeneza kemikali kali, ikiwemo haidrojeni peroksaidi. Neutrofili huenda mbali zaidi: hutengeneza asidi ya jamii moja na kile kinachofanya kazi kwenye jiki ya kufulia. Yaani kimelea kinayeyushwa huku kinamwagiwa jiki.

Wapo watoto wachache wanaozaliwa na hitilafu kwenye hatua hii ya nne. Chembe zao zinameza vizuri kabisa, lakini haziwezi kutengeneza hizo kemikali kali, na wanaugua mara kwa mara maambukizi mazito ya bakteria na fangasi. Kumeza peke yake hakutoshi.

Wengu: mahali ambapo malaria inaliwa

Kimelea cha malaria hujificha ndani ya chembe nyekundu ya damu. Basi chembe nyeupe inakipataje?

Kazi kubwa hufanyika kwenye wengu, ambao wengine huita bandama. Uko upande wa kushoto juu ya tumbo, chini ya mbavu. Ndani yake kuna vinjia vyembamba sana, na chembe nyekundu inabidi ijikunje ili ipite. Chembe nzima ni laini, inapita. Iliyo na kimelea huwa imekakamaa, inakwama. Na pale inapokwama, makrofaji zinaisubiri.

Ushahidi wa mlo huo unaonekana maabara. Kimelea cha malaria hula hemoglobini na kuacha uchafu wa rangi ya kahawia iliyokolea. Makrofaji ikimeza kimelea, inameza na ule uchafu, lakini hauyeyuki upesi. Mtaalamu wa maabara akiangalia kwa hadubini anaweza kuona vidoa hivyo ndani ya chembe nyeupe. Ni kama mifupa iliyobaki kwenye sahani.

Wengu una ufundi mwingine. Mgonjwa akitumia dawa za kundi la artemisinin, kimelea kikafia ndani ya chembe nyekundu, wengu unaweza kukinyofoa kile kimelea na kuirudisha chembe kwenye damu ikiwa hai.

Kazi hii ikizidi, wengu huvimba. Kwa miaka mingi wataalamu walikuwa wakipapasa matumbo ya watoto vijijini ili kukadiria malaria imeenea kiasi gani.

Na ile homa? Kila baada ya saa 48 hivi, vimelea vya malaria aina ya falciparum hupasua chembe nyekundu na kutoka. Chembe nyeupe zikikutana na mabaki yake, hutoa kemikali zinazoufikia ubongo na kuuamuru upandishe joto. Kwa hiyo ile homa na kutetemeka, kwa sehemu kubwa, ni kelele za askari wako mwenyewe.

Vimelea vinaponyokaje?

Hapa ndipo mambo yanapokuwa magumu.

Malaria hukwepa kufikiwa. Plasmodium falciparum, aina inayoua zaidi Afrika, inajua kuwa kupita kwenye wengu ni kujipeleka kuliwa. Kwa hiyo huweka vishikizo juu ya chembe nyekundu iliyomo, na chembe hiyo inanasa kwenye kuta za mishipa midogo badala ya kuzunguka. Ikinasa kwenye mishipa ya ubongo kwa wingi, ndiyo malaria ya ubongo: degedege na kupoteza fahamu.

Vishikizo hivyo pia hubadilishwa. Kimelea kimoja kina jeni takriban 60 za kuvitengeneza. Mwili ukijifunza kimoja, vimelea vingine tayari vimevaa kingine. Ndiyo maana mtoto huugua mara nyingi kabla mwili wake haujazijua sura nyingi za malaria, na ndiyo maana mtu mzima aliyekulia penye malaria mara nyingi haugui vibaya kama mtoto.

Kwa mjamzito kuna mtego wa ziada. Kondo la nyuma linaruhusu kishikizo ambacho mwanamke hajawahi kukutana nacho. Ndiyo maana mimba ya kwanza huwa na hatari kubwa zaidi, hata kwa mama aliyekulia kwenye malaria.

Malale hukwepa kutambuliwa. Vimelea vya malale, vinavyoletwa na mbung'o, havijifichi ndani ya chembe yoyote. Vinaogelea wazi kwenye damu. Ila vimevaa koti la protini, na vina jeni zaidi ya 1,000 za kushonea makoti mapya. Kingamwili zinaganda kwenye koti, makrofaji za ini zinameza vimelea kwa wingi, lakini wachache waliobadili koti wanabaki na kuzaliana upya. Mchezo unaanza tena. Hii ni sababu mojawapo ya malale kukosa chanjo hadi leo.

Minyoo hukwepa kumezwa. Hapa shida ni ukubwa tu. Neutrofili ina upana wa takriban elfu 12 hadi 15 za milimita, yaani zaidi ya 60 zikipangwa mstari ndipo zinafika milimita moja. Mnyoo mzima wa kichocho ana urefu wa sentimita moja hivi, na jike wa minyoo ya tumbo aina ya askaris anaweza kuzidi sentimita 20. Nani atammeza huyo?

Mwili ukaja na njia nyingine. Badala ya kumeza, eosinofili humzingira mdudu kama nyuki na kumwagia sumu kwenye ngozi yake. Majaribio ya maabara yameonyesha kuwa njia hii inaweza kuua kichocho kikiwa bado kichanga. Mnyoo mkubwa ni habari nyingine: hujipaka vitu vya mwili wa binadamu ili aonekane mwenyeji, na anaweza kuishi ndani ya mishipa ya damu kwa miaka.

Kala-azar hukwepa kusagwa. Huyu ndiye mjanja kuliko wote. Kimelea chake, Leishmania, kinaletwa na inzi mdogo wa mchanga. Hakikimbii makrofaji, kinataka kumezwa. Kikishaingia, hubadili umbo, huvumilia asidi, na huzaliana humohumo ndani ya tumbo la adui yake. Ugonjwa huu upo katika maeneo kame ya Kenya kama Baringo, Pokot Magharibi, Turkana na Wajir, na pia Sudan, Sudan Kusini na Ethiopia. WHO inasema usipotibiwa huua zaidi ya asilimia 95 ya wagonjwa.

Makrofaji inaweza kukiua kimelea hiki, lakini inahitaji kuamshwa na chembe nyeupe za aina nyingine, zinazoitwa chembe T. Hizo ndizo zinazoharibiwa na virusi vya Ukimwi. Ndiyo maana mtu mwenye VVU asiyetumia dawa yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kala-azar.

Askari wanapobomoa nyumba

Kuna wakati kinachouguza ni jitihada za mwili wenyewe.

Mfano mzuri ni kichocho, kinachosumbua jamii nyingi za kandokando ya Ziwa Victoria na pwani. Mnyoo hutaga mayai, na mengine hunasa kwenye ini au kibofu. Chembe nyeupe haziwezi kuyatoa, basi huyazungushia ukuta. Ukuta mmoja si tatizo. Maelfu ya kuta kwa miaka mingi hugeuka makovu, ini linakakamaa, tumbo linajaa maji, na mgonjwa anaweza kutapika damu.

Kwa hiyo wanaosema "mwili utapambana wenyewe" wajue kwamba mapambano nayo yana gharama.

Hii ina maana gani kwako?

Maliza dozi. Dawa mseto ya malaria (ALu) ni dozi sita kwa siku tatu. Siku ya pili homa ikishuka, si kwamba vimelea vimeisha, vimepungua tu. Vilivyobaki ndivyo vitakavyozaliana. Dawa na chembe nyeupe hufanya kazi pamoja.

Mtoto mwenye homa asisubirishwe. Chembe zake zinapigana, lakini bado hazijajifunza sura nyingi za malaria. Homa apimwe siku hiyohiyo. Degedege, kulegea, kushindwa kunyonya au kupoteza fahamu ni dharura.

Kama huna wengu, sema. Wapo waliotolewa wengu baada ya ajali ya bodaboda au gari. Na watu wenye selimundu, wengu wao mara nyingi huharibika tangu utotoni. Hawa wamepoteza chujio muhimu, na malaria au maambukizi ya bakteria yanaweza kuwazidia haraka. Daktari lazima ajue.

Umeishi nje miaka mingi? Kinga ya malaria hupungua mtu akikaa muda mrefu bila kuumwa na mbu wenye vimelea. Anayerudi nyumbani kutoka Ulaya au Marekani asijitape kuwa amekulia huku. Atumie chandarua na aulize kuhusu dawa za kujikinga kabla ya safari.

Eosinofili ikiwa juu, uliza. Inaweza kuwa dalili ya minyoo au kichocho, lakini pia hupanda kwa pumu na mzio. Usikimbilie kumeza dawa kabla ya kupima.

Usinunue "kinga" kwenye chupa. Chakula cha kutosha, usingizi na dawa za VVU kwa anayezihitaji husaidia chembe nyeupe. Hakuna kinywaji cha kuongeza kinga kinachochukua nafasi ya dawa ya malaria au ya kichocho.

Chanjo nayo inaingia hapohapo kwenye hatua ya kutambua. Kenya, Ghana na Malawi zilikuwa nchi tatu za mwanzo kuitumia chanjo ya malaria ya RTS,S kwa majaribio mwaka 2019, na WHO ikaipendekeza kwa watoto mwaka 2021. Ya pili, R21, ilipendekezwa mwaka 2023. Zote mbili humfundisha mtoto kukijua kimelea tangu kinapoingizwa na mbu, kabla hakijafika kwenye chembe nyekundu. Haziondoi hitaji la chandarua, kwa sababu kinga yake si kamili. Ila zinampa mtoto kile ambacho zamani alikipata kwa kuugua mara nyingi, na ambacho wengine hawakuishi kukipata.